Madam na Chupa za Supu

Ukikutana na Madam barabarani, kitu cha kwanza alichokitazama ni kucha zako. Si uso, wala nguo. Ukimpa shikamoo alikuwa anaupokea mkono, anaugeuza, anatazama kucha, kisha anavuta kidogo ngozi ya chini ya jicho lako aone wekundu wake, ndipo anajibu marahaba. Wenye maduka wa Kariakoo, watu wazima wenye vitambi vyao, walisimama kati ya mikokoteni wakivutwa ngozi ya jicho na mama mfupi mwenye miwani na begi la kitambaa. "Jana umekula nini?" Hiyo ndiyo ilikuwa habari za asubuhi yake. Ukijibu chipsi, aliondoka bila kuaga.

Alitufundisha Baiolojia jioni, katika chumba cha tuisheni kilichokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni. Jina lake silitaji kwa sababu hapendi kutajwa, na kusema kweli sijawahi kumwita kwa jina hilo hata siku moja. Tulimwita Madam, na mtaa nao ukamwita Madam. Kwao ni Kilimanjaro. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, alikuwa anakuambia ukauulize mlima.

Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu nusura tumpoteze, na waliokuwa wanampoteza ni sisi wenyewe tunaompenda. Alianguka bafuni kwake Upanga, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Mfupa ulikaa vizuri. Kidonda ndicho kilichogoma kufunga. Daktari akasema kikiendelea hivyo itabidi arudishwe chumba cha upasuaji, na Madam, kwa sauti ile ile ya darasani, akatuambia kwamba kwa umri wake akirudishwa mle hatatoka. Basi maisha yake yote yakawa yamening'inia kwenye kidonda kile. Lakini ngoja kwanza nimweleze alivyo, maana bila hivyo hamtaelewa jinsi watu aliowafundisha yeye mwenyewe walivyoweza kufanya ujinga tulioufanya.

Siku aliyofundisha protini aliingia na mfuko mweusi wa plastiki, akautia mkono, akatoa mikufu ya shanga. Nyekundu, za njano, za bluu. Darasa likalipuka. Mtu wa Pwani haoni shanga akafikiria Baiolojia. Shanga ni mambo ya kiunoni, mambo ya kungwi na mwali, hayaletwi mbele ya wavulana. Sisi wasichana tulijifunika nyuso kwa madaftari. Kijana mmoja aitwaye Shabani, aliyekaa nyuma yangu, aliteleza mpaka chini ya dawati. Madam alikuwa amezinunua sokoni asubuhi ile, na baadaye alituambia kwamba alishangaa sana kwa nini mama muuzaji alimkonyeza na kumtakia kila la heri.

"Chekeni mmalize," alisema.

Tulipomaliza aliinua mkufu mmoja juu. "Hii ni nyama. Hii ni maharage. Hili ni yai. Protini yoyote unayokula ni shanga zilizotungwa, na kila shanga ni asidi amino. Sasa, utumbo wako haupitishi mkufu mzima. Unapitisha shanga mojamoja, mbilimbili, zikizidi sana tatutatu." Akachukua mkasi. Tindikali ya tumbo inaukunjua mkufu, alieleza, vimeng'enya vinaukata, na ukifika kwenye utumbo mwembamba vimeng'enya vingine vinakata tena vile vipande. Alipokata yeye, shanga zilimwagika sakafuni zikaviringika mpaka kwenye ngazi, tukatumwa kuziokota. Tukiwa tumepiga magoti aliendelea kufundisha juu ya vichwa vyetu: ukuta wa utumbo una vijinyuzi vya nyama vilivyosimama kama manyoya ya taulo, hivyo ndivyo vinavyozidaka, zikishavuka ukuta zinaingia kwenye damu, na damu hiyo haizururi, inakwenda moja kwa moja kwenye ini.

Kwa ajili ya ini alitupeleka dirishani. Chini lori lilikuwa linashusha mzigo kwa mwenye duka la jumla. "Mzigo unafikia kwanza kwa mtu kama huyu," alisema. "Anachukua wa kwake, mwingine anauachia uende kwa wa rejareja. Hilo ndilo ini." Kutoka hapo damu inazizungusha shanga mwili mzima na kila kiungo kinaokota rangi inayoitaka: msuli, ngozi, nywele, damu yenyewe. Kidonda nacho kinaokota, tena kwa pupa kuliko wengine, kwa sababu kina ukuta wa kujenga.

"Na zikibaki, Madam?" aliuliza msichana wa mbele.

"Hazina ghala. Mafuta yana ghala, umeliona kiunoni kwa mjomba wako. Asidi amino zikizidi, ini linazivunja, taka zinapelekwa kwenye figo, unazikojoa. Kwa hiyo ule leo, na kesho ule tena."

"Na zisipokuja?"

"Mwili unajibomoa. Unavunja msuli wako wenyewe upate shanga za kupeleka kunakohitajika zaidi, kwenye moyo huko. Mtu anakwisha hivihivi amekaa."

Kiingereza alikipiga marufuku mpaka uwe umeelewa. Wote tulijua mtihani ni wa Kiingereza, na wazazi wengine walikuja kulalamika kwamba watoto wao wanafundishwa utumbo kwa Kiswahili. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Kiingereza atakikariri wiki ya mwisho. Huo utumbo wenyewe haujui Kiingereza." Na kweli wiki ya mwisho tulikariri, na tulifaulu kwa sababu kila neno tulilolikariri lilikuwa na mahali pa kukaa.

Makande aliyasifia kuliko chakula chochote duniani. Kuna rangi fulani za shanga ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye sahani, na mahindi yana uhaba wa rangi ambayo maharage yanayo tele, na maharage yana uhaba wa rangi iliyoko kwenye mahindi. Vikipikwa pamoja, hesabu inatimia bila hata kipande cha nyama. Sisi wenye asili ya Kusini tuliona ni ukabila tu, Mchaga anasifia chakula cha kwao, na tulimtania wazi. Alitujibu kwamba wali na maharage unafanya kazi ile ile, ila tusimwambie mtu yeyote Moshi kwamba amekubali.

Mwanafunzi akisinzia hakumfokea. Alikwenda dirishani, akamwita muuza mayai ya kuchemsha aliyekuwa anapita chini, akarudi na yai limepasuliwa katikati na kujazwa kachumbari na pilipili. "Hii si zawadi," alisema. "Ni kifaa cha kufundishia. Kula, halafu utueleze linakopita." Ilibidi usimame mbele ya wenzako, mdomo umejaa, ueleze safari ya yai kuanzia tumboni. Mimi nilisimama mara nyingi. Baba yangu alikuwa ametoka Lindi kutafuta maisha, akaishia kubeba mizigo sokoni, na chumbani kwetu mboga ya jioni mara nyingi ilikuwa mchuzi bila kitu ndani yake. Sikuwahi kumwambia Madam. Nadhani aliona kwenye kucha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba yale mayai yalikuwa kweli ya darasa. Nilikuja kushtuka nikiwa nimeshaolewa, siku moja nikimenya yai la mwanangu, nikajikuta nimekaa jikoni nalia. Leo nina duka langu la vifungashio hapo hapo Kariakoo na watoto wangu wanakula mayai mpaka wanayachoka. Namshukuru Madam. Sitaki kuzunguka zunguka katika hili. Mwili huu nilio nao, sehemu yake kaujenga yeye.

Yeye mwenyewe alikuwa anashinda na chai ya rangi na andazi. Ukimwuliza, alikuambia mganga hajigangi, halafu anacheka peke yake. Na si hapo tu alipokuwa anapingana na nafsi yake. Kwenye kalamu nyekundu hakuwa na huruma. Jibu la nusunusu kwake halikuwa jibu, na aliweza kukurudishia karatasi yote imekatwa kama shamba lililolimwa. Lakini mtu akimletea kitu nyumbani, ukali wote ulimtoka. Mzazi mmoja aliwahi kumletea keki iliyoungua chini na mbichi katikati. Madam alikula kipande, akasifu, akaomba kingine. Mdogo wake, mama mpole anayeishi naye Upanga tangu wote wawili walipofiwa na waume zao, alinisimulia kwamba mgeni alipotoka tu, Madam alijilaza kwenye kochi akinusa limau.

"Si ungemwambia ukweli tu, dada," mdogo wake alimwambia.

"Mtu amekuja na kitu mkononi," Madam akajibu, "nikisahihishe?"

Sasa tuje kwenye ujinga wetu. Habari za kidonda zilipofika kwenye grupu letu la simu, la wanafunzi wake wa zamani, hakuna aliyeuliza tufanye nini. Kwetu mgonjwa anapewa supu. Hilo halina mjadala. Supu ya kuku wa kienyeji, ya samaki, ya makongoro, inachujwa mpaka iwe safi, inatiwa kwenye chupa ya chai, na chupa inafungwa kanga isipoe. Nyama haimfuati mgonjwa. Nyama ni nzito, mgonjwa ataiweza wapi, nyama wanakula wanaomuuguza.

Shabani akachukua uongozi. Shabani yule yule wa chini ya dawati sasa ana kibanda cha supu Kariakoo ambacho ukichelewa asubuhi hukuti hata benchi la kukalia. "Hii niachieni mimi," alituma sauti kwenye grupu. "Madam atakunywa supu mpaka atembee." Tukapangana zamu. Wengine walikwenda Upanga kwa bajaji, wameishikilia chupa mapajani. Mwenzetu mmoja anayekaa Kigamboni alivuka na pantoni pale Magogoni, chupa ameikumbatia kifuani asiimwage. Madam alikuwa anapokea, anakunywa kikombe chote mbele ya aliyeleta, anasema, "Aisee, hii umeipika mwenyewe?"

Wiki zikapita, Madam akawa anakonda. Tukaongeza supu.

Siku ya zamu yangu nilipika kuku mzima, nikaichuja supu mara mbili kwa kitambaa cheupe, na watoto wakamla kuku. Nilipofika Upanga nilikuta nesi amekuja kusafisha kidonda. Mdogo wake Madam alinikaribisha chumbani, akaipokea chupa yangu, akaiweka juu ya kabati, mahali zilipokuwa zimejipanga chupa za wenzangu. Nesi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamalizia kufunga bandeji.

"Bado," alisema. "Hakijakaza. Wiki ijayo daktari ataamua kama anarudi." Akamgeukia mdogo wake Madam. "Mama, huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri tu. Supu, kila siku. Watoto wake hawa wanamletea, Mungu awabariki."

"Supu na nini?"

"Supu."

"Na nyama yake?"

Mama yule alinitazama mimi. Mimi nikatazama chupa kabatini. Madam alikuwa anatazama pazia.

Nesi alipoondoka nilivuta kiti nikakaa karibu na mto.

"Madam."

"Naam, mwanangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Madam, acha bwana."

Madam akauinua mkono wake, akaushika kwa mkono mwingine pale juu ya kiwiko, na ngozi ikaning'inia. "Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote," alisema. "Unadhani sioni ninavyobomolewa? Hapa palikuwa na msuli. Umekwenda kuusaidia moyo. Ini langu halina kosa, linakaa pale linangoja mzigo, na mzigo hauji. Supu si mbaya. Ina chumvi, ina maji, inapasha mwili joto. Ila nyama imebaki kwenye masufuria yenu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Shabani anafunga kibanda, anakuja hapa anatoka jasho, ananimiminia, halafu anasimama pale mlangoni ananitazama ninavyokunywa kama mtoto anayengoja maksi. Nimwambie amekosa? Yule wa Kigamboni kavuka maji kwa ajili yangu." Akapumua. "Na meno haya ya bandia hayanikai tangu nitoke hospitali. Nyama sitafuni. Nikaona ninywe tu, wafurahi."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia mtu mzima namna ile, tena mtu niliyemheshimu kuliko shangazi zangu wote. "Kwa hiyo unataka kufa kwa adabu, Madam?"

Nilidhani atanifukuza. Alicheka. Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, na macho yakamjaa machozi, na sikujua machozi yale ni ya kicheko au ya nini. Aliponyamaza alinishika mkono. "Naogopa kile chumba," alisema kwa sauti ndogo. "Sitaki kurudi kule. Waambie wewe. Ila usiseme nimelalamika."

Nilimpigia Shabani nikiwa bado nje ya geti, nikamweleza yote. Nyuma yake watu walikuwa wanaagiza chapati.

"Nimemchujia mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Nyama nikawauzia wateja."

"Ni sote, Shabani. Wanangu ndio wamemla kuku wa leo."

"Lakini mimi nilipata A! Lile swali nilipata maksi zote! Nilichora mpaka ini!" Nikasikia anahema. Kisha akasema, "Hawezi kutafuna, sivyo? Basi choroko. Choroko hazitaki meno."

Kuanzia siku ile Upanga ikanuka chakula. Shabani alipika choroko kwa nazi, akaziponda mpaka zikawa laini kabisa, na alikuwa anakwenda Feri mwenyewe alfajiri kuchagua samaki, anamchemsha, anamchambua miiba, anamponda. Mimi nikachukua upande wa mayai, ya kuvuruga, laini, asubuhi na jioni. Mwenzetu wa Kigamboni akaleta maziwa mgando na unga wa dagaa wa kutia kwenye uji. Mtu mmoja, tena wa Mtwara, alipika makande akayasaga kwenye blenda. Madam alisema kuyafanyia makande hivyo ni dhambi, akamaliza bakuli. Tuligawanya chakula asubuhi, mchana na jioni, hakuna mlo uliobaki mtupu, kwa sababu wote tulijua hakuna ghala. Na Madam alijifunza, kwa taabu sana, kusema, "Hii imezidi chumvi." Mara ya kwanza alipomwambia Shabani hivyo, Shabani aliniletea habari ile dukani kana kwamba kapewa cheti.

Daktari alimwangalia, akasema tusubiri kidogo. Tukasubiri, tunapika.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa mwezi uliopita, na Shabani alikuwa nami. Nesi alikuwepo. Siku zote wakati wa kusafisha kidonda Madam alitutoa nje. Safari hii alisema, "Leo ingieni." Nesi akamfunika vizuri kwa kanga, akaacha mahali pa kidonda tu, na Shabani kwa heshima akasimama mlangoni ametupa mgongo.

"Shabani, geuka bwana."

Akageuka. Nesi akatoa bandeji, na ndani yake hapakuwa na unyevu wowote. Pale palipokuwa wazi kwa miezi palikuwa na mstari wa ngozi mpya, nyembamba, inang'aa, imeshikana kutoka mwanzo hadi mwisho. "Daktari amesema hakuna kurudi," nesi alisema. "Wiki ijayo tunaanza kumfundisha kutembea."

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Mdogo wake Madam alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga yake. Madam alikuwa anamtazama Shabani.

"Unaona nini hapo?"

"Ngozi, Madam."

"Ya nani?"

"Yako."

"Siku ile ulipoleta bakuli la kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa kwenye sufuria lako." Akaelekeza kidole pembeni ya mstari ule, bila kuugusa. "Choroko zako hizo. Zimepita utumboni, zimepita kwenye ini, zimekuja kukaa hapa. Hata ukizidai siwezi kukurudishia, zimeshakuwa mimi."

Shabani alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia mle mle mbele yetu. Nesi alikuwa ameshika bandeji mpya, anangoja. Madam akamwashiria asubiri, amwache kwanza amalize.